Fikra, Lugha na Hesabu: Mafunzo ya Milima ya Usambara kwa Mwanafunzi wa Elimu ya Nafsi

1. Utangulizi

Wahenga walisema kwamba moyo wa mwenzio ni msitu wa giza. Mtu asimamaye Sigi, mahali ambapo barabara huanza kupanda kwenda Amani katika Usambara ya Mashariki, hana haja ya kufafanuliwa methali hiyo. Miti imesongamana, mto husikika kabla haujaonekana, na mgeni akiacha njia kwa hatua chache hajui tena alikotoka. Mwenyeji hupita humo bila hofu kwa sababu amejifunza alama zake, hakuzaliwa akizijua.

Makala haya yanahusu alama ambazo mwanafunzi wa theolojia hana budi kujifunza kabla ya kuingia katika msitu ule mwingine, yaani nafsi ya mwanadamu. Wanafunzi wetu wengi hukutana na saikolojia katika somo la ushauri wa kichungaji. Huja na huruma, na hilo ni jambo jema. Lakini baada ya wiki chache hushtuka waonapo kwamba somo lenyewe linadai mambo matatu wasiyoyatarajia: kuzipima hoja, kutumia lugha kwa usahihi, na kuelewa hesabu. Hili la tatu ndilo linalolalamikiwa zaidi. Tumesikia ikisemwa mara nyingi kwamba tumeitwa kuchunga watu, si kujumlisha na kugawanya.

Shabaha yetu ni kuonyesha, kwa njia ya historia, kwamba mambo hayo matatu si mzigo uliobuniwa na walimu. Katika milima ya Usambara na katika nchi jirani, pale yalipokosekana watu waliumizwa, hata na wasomi na hata na wenye huruma. Pale yalipokuwapo, waliofichwa walionekana.

2. Sigi na Lutindi: kazi mbili katika milima mimoja

Mwaka 1902 serikali ya Kijerumani ilianzisha huko Amani taasisi ya uchunguzi wa mimea na kilimo. Mfano wake ulikuwa bustani mashuhuri ya Buitenzorg katika kisiwa cha Java. Katika miaka iliyofuata reli ndogo ya zaidi ya kilomita 20 ilijengwa kutoka Tengeni, karibu na Muheza, hadi Sigi, ili mbao za msituni ziweze kuteremshwa mpaka reli ya Tanga. Kazi ya Amani na Sigi ilikuwa kazi ya vipimo. Mvua ilipimwa, miche ilihesabiwa, na magogo yalipangwa kwa urefu na unene. Reli ile haipo tena, lakini Sigi imebaki kuwa lango la hifadhi ya Amani, iliyotangazwa rasmi mwaka 1997.

Katika zama hizohizo, mahali pengine katika milima ya Usambara, kazi ya namna nyingine ilikuwa ikikua. Lutindi ilianzishwa mwaka 1896 kuwa makao ya watoto waliokombolewa utumwani. Mnamo miaka ya 1904 na 1905 ikaanza kupokea wagonjwa wa akili, na hivyo ikawa miongoni mwa hospitali za kwanza za wagonjwa hao katika Afrika Mashariki. Kazi hiyo iliungana na ile ya Bethel karibu na mji wa Bielefeld, Ujerumani, ambako makao ya watu wenye kifafa yalifunguliwa mwaka 1867 na kuongozwa na mchungaji Friedrich von Bodelschwingh tangu mwaka 1872. Lutindi, iliyoko katika wilaya ya Korogwe, ingali ikihudumu chini ya Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya Kanisa letu, na kazi za mikono na shamba ni sehemu ya matibabu yake.

Yafaa tuzilinganishe kazi hizi mbili. Gogo lililofika Sigi lilipimwa, likaandikwa, na habari yake ikaisha. Mtu aliyefikishwa Lutindi alikuja na maswali yasiyokwisha kwa kipimo kimoja. Ana nini, nasi tunajuaje kwamba ana hicho? Yeye mwenyewe na ndugu zake wanaliitaje jambo hili lililompata? Tena, wako wangapi kama yeye ambao hawakuletwa, waliobaki nyumbani? Swali la kwanza ni la fikra, la pili ni la lugha, na la tatu ni la hesabu. Tutayachukua moja baada ya jingine.

3. Fikra: lililoonekana na lililodhaniwa

Kazi ya kwanza ya fikra katika elimu ya nafsi ni kutenganisha lile lililoonekana na lile lililodhaniwa juu yake. Ni rahisi kulisema hili, lakini ni vigumu sana kulitenda.

Mwaka 1904, Lutindi ilipokuwa ikianza kupokea wagonjwa wake, bingwa wa Kijerumani wa magonjwa ya akili, Emil Kraepelin, alichapisha maoni yake baada ya kuwaangalia wagonjwa wa Buitenzorg, mji uleule uliokuwa mfano wa Amani. Aliona kwamba magonjwa makuu yalifanana na yale aliyoyajua kwao, ila huzuni nzito yenye kujilaumu kwa dhambi ilionekana kwa nadra. Hadi hapo alikuwa akisimulia alichokiona. Alipotaka kueleza sababu, aliegemea dhana za wakati wake kuhusu hatua za ukuaji wa akili za mataifa. Jambo lililoonekana na jambo lililodhaniwa yakatoka chapani yakiwa yamevaa vazi moja.

Baada ya vita vya kwanza vya dunia nchi yetu iliingia chini ya Waingereza. Hospitali ya Mirembe ilifunguliwa Dodoma mwaka 1927, lakini maandiko yaliyosomwa zaidi kuhusu akili ya Mwafrika katika sehemu hizi yalitoka Nairobi. Mwaka 1934 daktari F. W. Vint alichapisha vipimo vya ubongo 100 wa Waafrika waliokufa nchini Kenya, akasema uzito wao wa wastani ulikuwa chini ya ule wa Wazungu kwa asilimia kumi hivi. Wapo walioshangilia, wakidhani kwamba sasa namba zimethibitisha dharau yao ya zamani. Lakini mwanafunzi aliyefundishwa kufikiri atauliza: Waliopimwa walikuwa nani? Je, njaa na maradhi yaliyowaua hayakuupunguza uzito wa miili yao? Je, waliolinganishwa nao walikuwa na kimo sawa na maisha sawa? Tena, ni nani aliyethibitisha kwamba uzito wa ubongo ni kipimo cha akili? Maswali haya hayahitaji darubini. Yanahitaji tu mtu asiyekubali hitimisho kwa sababu linampendeza.

Mfano wa pili ni mzito zaidi. Daktari J. C. Carothers aliongoza hospitali ya Mathari, Nairobi, kuanzia mwaka 1938. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika. Miongoni mwa mambo aliyoyasema ni kwamba ugonjwa wa huzuni nzito ni nadra kwa Waafrika, na sababu aliitafuta katika malezi, utamaduni na hata katika namna ubongo wao unavyofanya kazi. Mwaka uliofuata aliiandikia serikali ya Kenya kijitabu kuhusu saikolojia ya Mau Mau. Humo vita vilivyokuwa na malalamiko makubwa ya ardhi vikaelezwa kana kwamba ni maradhi ya nafsi zilizoachwa katikati ya ulimwengu wa zamani na ulimwengu mpya.

Tujiulize ni nani aliyefika Mathari. Aliyefika ni yule aliyevunja amani: aliyepiga, aliyechoma nyumba, aliyetembea uchi sokoni. Mama aliyekonda kwa huzuni, aliyeamka usiku wa manane na kukaa kimya mpaka jogoo kuwika, kisha akashika jembe kwenda shambani, huyo hakuletwa na polisi wala na mzee wa kijiji. Daktari alihesabu waliokuwa mbele yake, akatoa hukumu juu ya wale asiowahi kuwaona. Thomas Adeoye Lambo, daktari wa Nigeria, alikuwa miongoni mwa waliolipinga wazo hili. Hatimaye John Orley na J. K. Wing walikwenda katika vijiji viwili vya Uganda, wakawauliza watu majumbani mwao, na mwaka 1979 wakachapisha matokeo. Huzuni nzito ilionekana humo kwa kiwango kikubwa kuliko kile kilichopatikana kwa wanawake wa London kusini. Watu hawakuwa wamebadilika. Lililobadilika ni mahali pa kuuliza na namna ya kuuliza.

Tusidhani kwamba kosa hili ni la wageni peke yao. Katika miaka ya 1940 na 1950 wakulima wa Usambara walikataa kwa nguvu mpango wa serikali wa kuwalazimisha kulima matuta ya kuzuia mmomonyoko. Wapo waliowaita wakaidi na wajinga. Lakini wakulima walikuwa na sababu: kazi ya matuta ilikuwa nzito, hasa kwa wanawake, na kulikuwa na hofu kuhusu haki za watu katika mashamba yao. Anayeuita ujinga kila uamuzi asioufahamu sababu yake amejinyima nafasi ya kuifahamu. Mchungaji amwambiaye mshiriki kwamba ana moyo mgumu, kabla ya kumwuliza jambo lolote, anatenda vivyo hivyo.

4. Lugha: nani aliye na jina la ugonjwa?

Wamisionari Ernst Johanssen na Paul Wohlrab walifika Mlalo mwaka 1891. Kama wengine wa wakati wao walikuja na mengi ya kwao yasiyofaa kusifiwa yote, lakini katika jambo moja wao na waliowafuata walitufundisha vema. Walitambua kwamba mtu asiyejifunza lugha hawezi kumfikia mtu. Karl Roehl alichapisha sarufi ya Kishambaa mwaka 1911, na F. LangHeinrich kamusi ya Kishambaa mwaka 1921. Roehl huyohuyo ndiye aliyetafsiri Biblia ya Kiswahili iliyochapishwa nzima mwaka 1937, ambamo alijaribu kupunguza maneno yenye asili ya Kiarabu. Tukubaliane naye au tusikubaliane, kazi yake inatukumbusha kwamba kuchagua neno ni kuchagua maana.

Katika elimu ya nafsi jambo hili lina uzito wa pekee. Neno saikolojia lenyewe limetokana na neno la Kiyunani psukhe, ambalo wanafunzi wetu hulikuta kila siku katika Agano Jipya. Wanajua jinsi mfasiri anavyotaabika: hapa aandike nafsi, pale aandike uhai, au pengine roho? Mwanafunzi aliyepitia taabu hiyo amekwisha kupata nusu ya maandalizi ya lugha yanayodaiwa na saikolojia. Inambidi tu aihamishe kutoka kwenye ukurasa aende nayo barazani. Mtu asemapo "moyo wangu umechoka", "roho inanisumbua", "nina mawazo mengi" au "akili haitulii", hasemi jambo moja kwa maneno manne. Wala hatuna ruhusa ya kuyabadili yote kuwa neno moja la kitabuni kabla ya kumsikiliza.

Tuangalie neno wazimu. Lina asili moja na mzimu. Ndani ya jina lenyewe mna maelezo ya kale kwamba mtu huyu ameguswa na waliotangulia. Asemaye leo kwamba fulani ana wazimu huenda asifikiri habari za mizimu hata kidogo, lakini bibi aliyeketi kando yake huenda akafikiri. Mchungaji anayelitumia neno hilo bila kuangalia amewapa wasikilizaji wawili habari mbili tofauti, naye hajui.

Mfano wa degedege unaonyesha kwamba neno laweza kuwa suala la uhai na kifo. Amani, baada ya kazi za kilimo kuhamishiwa Muguga nchini Kenya mwaka 1948, iligeuka kuwa kituo cha uchunguzi wa malaria, na wataalamu wake walifanya kazi miongoni mwa watu wenye majina yao wenyewe ya maradhi. Katika sehemu nyingi za pwani na bara yake, mtoto mwenye homa akikakamaa na kugeuza macho huitwa mwenye degedege. Uchunguzi uliofanywa wilayani Bagamoyo na kuchapishwa mwaka 1996 ulionyesha kwamba wazazi wengi hawakuihusisha degedege na malaria, na matibabu ya kienyeji ndiyo yaliyotangulia. Basi mtu akienda kijijini na hojaji yake akauliza, "Je, mtoto wako ameugua malaria kali?", mama atajibu hapana kwa unyofu kabisa, na mtaalamu ataandika hapana kwa unyofu uleule. Wote wawili wamesema kweli, na mtoto yuko hatarini.

Mwanahistoria Steven Feierman, aliyeishi miongoni mwa Washambaa na kuandika juu yao katika vitabu vya mwaka 1974 na 1990, ameeleza maneno mawili ambayo wazee wa Usambara wanayajua: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu nchi. Mvua, shibe, amani ya watawala na afya ya watu vilisemwa pamoja. Mtu aliyelelewa katika lugha hiyo akisema kwamba mambo yameharibika, huenda hazungumzii tumbo lake peke yake wala nafsi yake peke yake. Anayemwuliza habari za nafsi tu atapata jibu lililokatwa nusu.

Ndiyo maana wachunguzi wazuri hawaridhiki na kutafsiri maswali mara moja. Hutafsiri kutoka lugha ya kwanza kwenda ya pili, kisha mtu mwingine asiyeiona ile ya kwanza huyarudisha, nao hulinganisha. Zaidi ya hayo hujaribu maswali hayo kwa watu wenyewe. Hivyo ndivyo Sylvia Kaaya na wenzake walivyofanya Dar es Salaam, walipochunguza kama orodha ya maswali kuhusu huzuni na wasiwasi iliyotungwa Marekani yafaa kutumiwa kwa Kiswahili na wanawake wajawazito wenye virusi vya UKIMWI. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2002. Kazi ya namna hii ni ndugu wa karibu wa kazi ya mtafsiri wa Biblia.

5. Hesabu: wastani na waliofichwa

Sasa tufike kwenye jambo linaloogopwa. Turudi kwanza Sigi na kutazama mvua. Amani hupata karibu milimita 1,900 kwa mwaka. Mji wa Lushoto hupata karibu 1,100. Mtu akijumlisha na kugawanya kwa mbili atapata 1,500, naye atasema kwamba hiyo ndiyo mvua ya Usambara. Hesabu yake haina kosa, lakini mkulima wa Amani na mkulima wa Lushoto wote wawili wataharibikiwa wakiifuata. Wastani ni chombo kizuri kwa yule tu anayeuliza umetokana na nini na umeficha nini.

Kutoka mvua twende kwa watu. Ugonjwa wa kifafa ndio uliozaa kazi ya Bethel, na kwa njia ya Bethel uliigusa Lutindi. Kwa hiyo inafaa tuutazame, ingawa mfano wetu unatoka mbali na Usambara, katika milima ya Mahenge, wilaya ya Ulanga. Huko daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norwei, alianza kliniki ya kifafa karibu na mwaka 1960. Aliwakuta wagonjwa waliotengwa, waliokula peke yao kwa sababu watu waliamini kwamba mate yao yanaambukiza, na wenye makovu ya moto kwa sababu walipoanguka jikoni hapakuwa na mkono wa kuwavuta. Dawa ilikuwapo, tena ya bei nafuu. Lililokosekana ni watu kujua kwamba wagonjwa hao wapo na kwamba wanatibika.

Miaka thelathini baadaye daktari H. T. Rwiza na wenzake hawakungoja wagonjwa waje. Walikwenda vijijini Ulanga na kuwahesabu watu 18,183. Kati yao 185 walikuwa na kifafa ambacho hakijatulia. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1992. Tuifanye hesabu pamoja, maana haizidi ya darasa la saba: 185 tukigawa kwa 18,183, kisha tukazidisha kwa 1,000, tunapata 10.2. Yaani katika kila watu elfu moja, kumi hivi wana ugonjwa huo. Mchungaji mwenye usharika wa watu 3,000 katika wilaya kama ile ajue kwamba huenda ana washiriki thelathini wenye kifafa. Kama anawafahamu watatu tu, swali linalomkabili ni hili: wale ishirini na saba wako wapi siku ya Jumapili?

Lakini tusiishie hapo. Uchunguzi uleule ulionyesha kwamba kijiji kimoja kilikuwa na 5.1 kwa elfu, na kingine 37.1 kwa elfu. Tofauti hiyo inazidi mara saba. Hapa tunaona tena somo la mvua: kumi kwa elfu ni kweli kwa wilaya, lakini mtu wa kijiji kile cha pili akiambiwa kwamba kwao ni kumi, atakuwa ameambiwa jambo lililo mbali na hali yake. Tofauti kama hiyo humfanya mchunguzi arudi kwenye fikra: kwa nini hapa, na si pale? Ni chakula, ni vimelea, ni homa za utotoni, ni urithi? Hesabu haijibu. Kazi yake ni kutuonyesha mahali pa kuuliza.

Hivyo mwanafunzi hahitaji kuwa mwanahisabati. Anahitaji kujua tofauti ya asilimia na kwa elfu, kuuliza namba imetoka kwa watu wangapi na jinsi walivyochaguliwa, na kukumbuka kwamba mambo mawili yakitokea pamoja hayakuwa lazima moja kulizaa jingine. Mvulana aliyeanguka kifafa baada ya ugomvi wa baba na jirani hajathibitisha kwamba jirani amemroga. Pia aliyeacha kuanguka baada ya kuombewa Jumapili moja hajawa tayari kuacha dawa. Kwa neno hili la mwisho tunajua kwamba tunagusa penye jeraha, lakini wako waliokufa kwa sababu mtu mwema hakuweza kungoja na kuhesabu miezi.

6. Kosa letu wenyewe

Isionekane kwamba tunaandika kama watu waliosimama kando. Zamani, tukiwa katika utumishi wa usharika mmoja milimani, alitujia mama mmoja akisema kwamba moyo wake ni mzito na Mungu amemwacha. Tulimsikiliza kwa muda mfupi. Kwa kuwa tulikuwa na mahubiri mengi kuhusu moyo mzito, tukadhani tumemwelewa. Tukamsomea Neno, tukamhimiza aungame, tukaomba naye, akaenda. Akaja tena, nasi tukarudia yaleyale.

Baadaye jirani yake alitueleza kwamba mama yule alikuwa amefiwa na mtoto, halali usiku, na tangu mavuno hakula mlo kamili. Ndugu zake walipompeleka hospitali alikuwa amedhoofu sana. Alipona, lakini si kwa sababu yetu.

Tulikosa katika yote matatu. Katika fikra, tulipata maelezo kabla ya kupata habari. Katika lugha, tulichukua neno lake moyo tukalitia maana ya mimbarani. Katika hesabu, hatukuuliza maswali mepesi kuliko yote: ni usiku mara ngapi hulali, ni tangu lini, unakula mara ngapi kwa siku? Hatukukosa upendo. Upendo wetu ulikuwa haujui uendako.

7. Hitimisho

Milima ya Usambara ina deni na heshima katika elimu ya Kanisa letu. Chuo cha theolojia kilichohamia Makumira mwaka 1954 kilianzia Lwandai, karibu na Mlalo, mwaka 1947. Na mwaka 2007 huko Magamba, Lushoto, kilifunguliwa chuo kikuu kilichobeba jina la marehemu Askofu Sebastian Kolowa, kwa mkazo wa elimu maalumu kwa watu wenye ulemavu. Walioianza Lutindi, walioandika kamusi na walioanzisha vyuo hawakuona kwamba huruma na usomi ni maadui.

Kwa hiyo tunawasihi walimu na wanafunzi mambo matatu. Kwanza, kila mwanafunzi anayemtembelea mgonjwa aandike kurasa mbili tofauti: moja ya aliyoyaona na kuyasikia, na nyingine ya anayoyadhani, asiandike ya pili kabla ya kumaliza ya kwanza. Pili, ayaandike maneno ya mgonjwa katika lugha ya mgonjwa, kiwe Kishambaa, Kibondei au Kiswahili, kabla ya kuyafasiri. Tatu, ahesabu: siku, usiku, milo, na watu wa mtaa ambao hawajaonekana. Na mtu akizidiwa, amfikishe mapema kwa wale waliofundishwa kumtibu.

Wapo watakaosema bado kwamba hesabu ni kazi ya mhazini. Tunawaomba waisome tena habari ya yule mchungaji wa kondoo mia ambaye Luka ametuandikia. Tumezoea kuhubiri jinsi alivyoacha tisini na tisa akamtafuta mmoja, na tunahubiri vema. Lakini tumesahau jambo lililotangulia safari yake: jioni ile, kabla ya machozi na kabla ya kupanda milima, alisimama mlangoni pa zizi akahesabu. Kama asingehesabu, angelala usingizi mwema, na yule mmoja angebaki msituni.